Msiba Usio na Turubai

Uraibu wa heroini katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki huhesabiwa kwa vichwa vya watumiaji: wangapi wanavuta, wangapi wanajidunga, wangapi wamepimwa virusi. Hesabu ya wanaolala nao nyumba moja haiandikwi popote, ingawa ndiyo kubwa zaidi. Nyuma ya kijana mmoja anayekula unga yupo mama aliyepandwa na presha, mke anayelala na pochi chini ya mto, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa shule, na bibi aliyeanza kulea upya akiwa na miaka sabini. Mtu akifariki mtaani, turubai hufungwa kabla jua halijazama, majamvi hutandikwa, sufuria kubwa huazimwa na daftari la rambirambi hufunguliwa. Kijana akianza unga, kinachofungwa ni mlango. Msaada wa wananchi kwa familia za waraibu, popote ulipoota, ulianza kwa kuufungua mlango huo, na historia yake katika ukanda huu ni fupi kuliko historia ya unga wenyewe.

Unga ulifika pwani katika miaka ya 1980. Mzigo hutoka Afghanistan, hushuka hadi pwani ya Makran ambayo Iran na Pakistan wanagawana, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi. Sehemu kubwa ilikuwa inapita tu kwenda Ulaya, lakini gunia linalopita halikosi kumwaga. Kwanza ilikuja brauni, ya kuvuta. Kuelekea mwaka 2000 ikaonekana nyeupe, inayoyeyuka kirahisi kwenye maji, na sindano ikaingia pamoja nayo. Kuanzia Lamu, Malindi na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, kete ya unga ikawa bidhaa ya vichochoroni. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 uliwakuta takriban asilimia 42 ya waliojidunga wakiwa na virusi vya UKIMWI, kiwango ambacho kilizidi kwa mbali kile cha wakazi wengine wa jiji.

Lugha ya mtaani ilimpa mtumiaji jina la teja, na jina hilo lina mkia mrefu. Mama wa teja, dada wa teja, nyumba ya mateja: ukoo mzima huvishwa. Katika vikundi vya msaada neno hili ni la kwanza kuwekwa kando. Wahudumu wa kliniki husema mraibu au mpokea huduma; wazazi, wakishazoea kukaa kikaoni, husema mgonjwa wangu. Badiliko linaonekana dogo, lakini teja hufukuzwa na mgonjwa huuguzwa, na kila mwenyeji wa pwani anajua jinsi ya kuuguza.

Ndani ya nyumba, dalili za mwanzo husomwa vibaya karibu kila mahali. Kijana anakonda, anasinzia akiwa amesimama huku kiuno kikiinama taratibu bila kuanguka, anakaa chooni saa nzima, anavaa mikono mirefu wakati wa joto. Kisha vitu huanza kutoka kwa mpangilio ambao familia zilizopitia huko huutambua kama wimbo: chenji, simu, nguo zilizoanikwa, flampeni, mtungi wa gesi, mabati ya choo. Vinavyouma zaidi si vya thamani kubwa sokoni. Ni sahani za shughuli, zile zinazotolewa kwenye harusi na maulidi tu, ambazo mama hugundua hazipo siku mgeni ameshakaa mkekani. Siku hiyo ndipo majirani nao hujua, na ndipo wengi huacha kukaribisha wageni.

Baada ya hapo familia hupita njia zinazofanana. Huanza kwa mganga, kwa sababu kijana aliyekuwa akiongoza darasa haiwezekani awe hivi bila kufanyiwa kitu. Hufuata kombe la aya za Kurani au maombi. Kisha huja safari: kijana hupelekwa shamba kwa babu ili apotezane na wenzake. Wengine huozwa mke, kwa imani kwamba akioa atatulia, na binti wa watu huingia kwenye moto ambao hakuuwasha. Mwisho huwa kufuli na mnyororo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotokana na ukatili. Zote hutokana na kutokujua unga unavyofanya kazi mwilini, na hapo ndipo msaada wa kwanza wa kikundi cha mtaa unapohitajika, kabla hata ya fedha.

Mwili uliozoea heroini huidai. Saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho huanza arosto: kamasi, miayo, kutapika, kuhara, mifupa kuuma, baridi yenye jasho. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki. Kwa kijana mwenye nguvu arosto mara chache huua, isipokuwa maji ya mwili yakipotea bila kurudishwa. Kinachoua ni kinachofuata. Aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, iwe shamba, rumande au kwenye mnyororo, mwili wake husahau uzoefu wa zamani wakati kichwa hakijasahau kipimo. Akirudi mjini akatumia kiasi kilekile cha mwezi uliopita, pumzi huweza kusimama. Mama aliyempeleka mwanawe kijijini akamrudisha amenenepa hajui kwamba wiki hiyo ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote. Kikundi kinachomweleza jambo hili moja, na kumfundisha kumlaza ubavu aliyezidiwa na kumkimbiza hospitali badala ya kumwagia maji na kumnywesha maziwa, kimeshafanya kazi kubwa.

Pwani ya Kenya ilipata somo hili kwa pamoja. Kati ya Desemba 2010 na miezi ya mwanzo ya 2011 heroini iliadimika ghafla Mombasa na miji ya jirani, na arosto iliyokuwa ikifichwa chumba kwa chumba ikatoka hadharani. Familia ambazo zilikuwa hazijatamka neno unga mbele ya jirani zilijikuta zinabeba wagonjwa kutafuta msaada. Mashirika machache ya wenyeji ndiyo yaliyokuwa na uzoefu. Malindi ilikuwa na Omari Project tangu mwaka 1995, miongoni mwa juhudi za mwanzo kabisa za kiraia katika ukanda huu kuhusu heroini. Mombasa ilikuwa na Reachout Centre Trust, pamoja na MEWA, jumuiya ya Waislamu ya elimu na ustawi ambayo ilitoka kwenye shughuli za kawaida za jamii ikajikuta inatibu waraibu kwa sababu ndio waliokuwa mlangoni.

Zanzibar ilichukua njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 2000 vijana waliokwisha kuacha walianza kupanga nyumba za kawaida mitaani na kuwaingiza wenzao, na nyumba hizo zikajulikana kwa jina la soba hausi. Serikali baadaye ikaziita nyumba za upataji nafuu. Mtindo wao ulitokana na hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, na Narcotics Anonymous iliyofuata California mwaka 1953. Hatua zile zinataja nguvu iliyo kuu kuliko mtu. Unguja hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: sala tano zikawa sehemu ya ratiba, kati ya uji wa asubuhi na kikao cha jioni. Anayeongoza kikao mara nyingi naye aliwahi kulala kwenye maskani ileile ya watumiaji. Ada hulipwa na familia, jambo lenye pande mbili: huwapa ndugu sauti, na huwafilisi. Kwa nyumba isiyo na mtu mwenye kazi ya mshahara, miezi kadhaa ya ada ni shamba lililouzwa.

Tanzania Bara ikaongeza dawa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Mauritius, kisiwani, ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Huduma ikaenea hospitali za Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar mwaka 2015, na baadaye Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na pwani ikafuata muda mfupi baadaye. Methadoni hunywewa kama dawa ya maji, mbele ya muuguzi, kwa kawaida kila siku. Dozi moja huzuia arosto kwa takriban siku nzima. Dirishani Muhimbili wagonjwa wa mwanzo hawakujitokeza wenyewe tu. Walitafutwa maskani na wahudumu wa mashirika ya mitaani, wakasemeshwa, wakaandaliwa, ndipo wakapelekwa.

Maneno “kila siku” ni mepesi kuandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kwa familia yanamaanisha nauli ya kwenda na kurudi siku saba kwa wiki, mwaka hadi mwaka, na mtu wa kuamka alfajiri kuhakikisha mgonjwa ametoka. Dawa ni ya bure, daladala si ya bure. Wengi waliokatisha dozi hawakushindwa na unga bali na kituo cha basi.

Mpaka hapo msaada wote unamtazama mtumiaji. Wazo kwamba ndugu wa mraibu anastahili msaada wake mwenyewe, hata kama mgonjwa hajaacha na hana nia ya kuacha, lina historia nyingine. Lois Wilson alikuwa mke wa Bill Wilson, mmoja wa waasisi wa Alcoholics Anonymous. Mume aliacha pombe, lakini kila jioni akawa mikutanoni. Siku moja alipomhimiza mkewe wasichelewe mkutano, Lois alimrushia kiatu. Baadaye alisimulia kwamba hasira ile ilimshtua: miaka yote alikuwa akingoja mume apone, na sasa amepona yeye bado anaumwa. Wakati wanaume wakiwa ndani, wake zao walikuwa tayari wameanza kuzungumza wao kwa wao, na mwaka 1951 vikundi hivyo viliunganishwa kuwa Al-Anon. Msingi wake ni kwamba ndugu hakusababisha uraibu, hawezi kuuendesha wala kuuponya, ila anaweza kupona yeye.

Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Jim Orford waliwasikiliza ndugu za walevi na watumiaji wa dawa Uingereza, Mexico City na katika jamii za wenyeji wa asili wa Australia, wakakuta mienendo mitatu inayojirudia: kupambana na mraibu, kumvumilia, na kujitenga naye. Mama wa Magomeni, Dar es Salaam, au Mwembetanga, Unguja, hahitaji utafiti ajue hayo. Huweza kupita yote matatu kabla ya adhuhuri. Kilichotokana na kazi ile kina manufaa zaidi, yaani mwongozo wa hatua tano kwa anayekaa na ndugu: kumsikiliza, kumpa taarifa sahihi, kupima naye njia anazotumia, kutazama nani anaweza kumsaidia, na kuangalia mahitaji mengine. Hakuna hatua inayodai daktari bingwa.

Robert Meyers na wenzake nchini Marekani walikwenda upande mwingine. Badala ya kumwambia ndugu akae mbali, walimfundisha namna ya kuzungumza na mraibu: achague saa ambayo mgonjwa ametulia, asimzomee akiwa kwenye arosto, atambue na kuipa heshima siku njema, na aache kufuta athari za siku mbaya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, likihusisha ndugu 130 wa walevi waliokataa matibabu, njia hii iliwaingiza kwenye matibabu asilimia 64 ya wagonjwa. Kwa familia zilizoelekezwa kwenye njia ya Al-Anon ilikuwa asilimia 13. Ulinganisho huo unaionea Al-Anon kidogo, maana haikuundwa kumvuta mlevi hospitali. Hata hivyo, kwa pwani njia ya Meyers inakaa vizuri zaidi. Kumwambia mama wa Kiswahili ajitenge na mwanawe, katika nyumba yenye chumba kimoja na ukumbi, ni kumwambia ahame kwake.

Kikundi cha mtaa kinachofanya kazi hakina ofisi. Hukaa uani baada ya swala ya alasiri, au kwenye kibaraza cha jumuiya baada ya misa, watu wanane hadi kumi na tano, wengi wao wanawake. Mmoja anachambua mchele, mwingine amempakata mjukuu. Ya kikaoni hubaki kikaoni. Anayevujisha haitwi tena. Hakuna anayeulizwa amefikaje hapo. Anayezungumza huachwa amalize, kisha wenzake hurudi kwenye mambo ya mkono: nani atakwenda naye kliniki kesho, nani ana godoro la ziada, nani amjulishe mjumbe au sheha kabla polisi hawajaitwa, nani alale na yule ambaye mwanawe yuko siku ya pili ya arosto ili yeye apate usingizi wa saa tatu. Maji ya chumvi na sukari huchemshwa na kupoozwa kwenye jagi. Anayeuguza hupewa chakula kabla ya anayeuguzwa, kwa kuwa huyo wa pili atakitapika.

Kwenye fedha ndipo ubunifu wa wenyeji unapoonekana. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Watanzania huviita vikoba, vilitokana na mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Sanduku lao ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti. Utaratibu huo uliwekwa kuzuia mweka hazina asile fedha za wenzake. Kwa mama mwenye mraibu una faida ambayo waanzilishi hawakuikusudia: ni mahali pekee ambapo akiba yake haiwezi kuguswa usiku, haiwezi kuombwa kwa machozi wala kwa kisu, kwa sababu yeye mwenyewe hana uwezo wa kuifungua. Mfuko wa jamii wa kikundi, ule wa misiba na maradhi, huweza kulipa nauli za kliniki kama ilivyo kwa ugonjwa mwingine. Penye mabishano ni hapo hapo. Wapo wanachama wanaosema unga si maradhi, ni kiburi, na mfuko hauwezi kulisha kiburi. Kikundi kinachokubali mara ya kwanza huwa ni kile ambacho mmoja wa wenye funguo naye ana mgonjwa nyumbani.

Wanawake wanaotumia hupata sehemu ndogo ya huruma hii. Kijana wa kiume hurudishwa nyumbani mara tano. Binti mara nyingi hafunguliwi mara ya pili, na soba hausi zinazopokea wanawake ni chache. Watoto wao huangukia kwa bibi. Bibi huyo anahitaji vitu visivyo na uhusiano wowote na dawa, kama cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, bima na sare, na kikundi kinachojua njia za ofisi ya kata humfaa kuliko nasaha.

Sheria nayo ina kivuli chake. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 inamgusa hata anayeachia nyumba yake itumike kwa dawa, na kwa mzazi hofu hiyo hutosha kumnyamazisha. Kuna pia nyumba za tiba zinazotoza ada bila daktari wala muuguzi, ambako kipigo huitwa nidhamu. Familia iliyochoka hailalamiki, kwa kuwa angalau usiku inalala. Hili ndilo eneo ambalo kikundi cha ndugu kina nguvu kuliko mkaguzi: wanawatembelea wagonjwa wao kwa zamu, wanalinganisha walichokiona, na nyumba isiyoruhusu kutembelewa hupoteza wateja mtaa mzima.

Kurudi nyumbani baada ya matibabu huchukua muda mrefu kuliko matibabu. Kurudia unga ni kawaida katika ugonjwa huu, na familia iliyoelezwa hivyo mapema haichukulii kila kuanguka kuwa usaliti. Vikundi vyenye uzoefu hushauri imani irudishwe kwa vipande: kwanza atumwe dukani na sarafu ya mia tano, kisha noti ya elfu mbili, kisha ya elfu kumi. Chenji huhesabiwa mbele yake bila maneno. Ufunguo wa nyumba huja mwisho.

Wengine hawarudi. Hapo turubai hufungwa kama kwa msiba wowote, na wanaouliza huambiwa marehemu aliugua homa. Wanakikundi huja mapema na visu vyao vya kukatia vitunguu, hupika siku zote tatu, na hakuna anayesahihisha hilo neno homa. Wiki inayofuata, baada ya alasiri, mfiwa hukuta nafasi yake imeachwa kwenye mkeka, na wengi hurudi kuikalia.